Mwendawazimu Hakuketi

Kufikia Jumapili asubuhi, hapakuwa na simu Lodwar isiyokuwa na ile video. Mwenye boda alikuwa nayo, muuza sukuma wiki alikuwa nayo, hata katekista, ilisemekana, alitumiwa na mtu akaitazama yote ndipo akaifuta. Ilikuwa ya dakika nne na sekunde kumi. Inspekta Chepngetich alikuwa ameitazama mara kumi na tisa. Sasa alikuwa ameiegemeza simu kwenye kikombe cha chai, anaianza mara ya ishirini.

Jukwaani anaingia mtu aliyejifunika shuka jekundu, kuanzia utosini mpaka chini ya magoti, miguu imepakwa majivu, mgongo ameukunja. Mbele yake, amempa kisogo, anakula mtu mnene. Huyo ni Lotiir, mkurugenzi wa kikundi cha maigizo kutoka Kakuma, ambaye mwenyewe alichukua sehemu ya mtu mbaya: mchungaji aliyemuua mwenzake porini, akarudi kijijini kumlilia kuliko wote. Mwenye shuka ni mtoto wa marehemu, anayejifanya kichaa ili apate kumsogelea muuaji wa baba yake. Katika mchezo huo mtoto huinua kisu mara tatu, na mara zote tatu hukishusha. Kwanza anasema angoje mvua. Kisha anasema angoje mzee amalize kula. Mara ya tatu hana hata sababu, analia tu. Watu hucheka, wengine humpigia kelele, "Dunga, wewe! Utangoja mpaka lini?"

Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbi wa Lodwar umejaa hadi madirishani, ngoma inalia pembeni, mwenye shuka alikisogeza kando kigoda kilichokuwa katikati ya jukwaa, akakisogeza kwa mikono miwili, polepole, akachuchumaa karibu yake. Akainua kisu mara ya kwanza. Hakukishusha.

Watu walipiga makofi. Walipiga makofi kwa muda mrefu kabla mtu mmoja hajapiga yowe.

"Afande, utaimaliza hiyo video," alisema Konstebo Wandera kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika chapati mbili kwenye karatasi. "Na OCS anakutafuta. Anasema simu yako haiingii."

"Haiingii kwa sababu nimezuia simu, nipate kuangalia."

Mureithi, mkuu wa kituo, alimpata kwa simu ya Wandera. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Chepngetich, kijana alikamatwa nyuma ya ukumbi na majivu usoni. Shuka lilikuwa hatua tano kutoka kwake, lina damu. Watu mia tatu waliona. Kesho saa tatu asubuhi anafikishwa kortini kwa mauaji. Kuna kitu unangoja?"

"Nangoja aniambie kwa nini, bwana."

"Mwendawazimu hana kwa nini," alisema Mureithi, akakata.

*

Kijana mwenyewe aliitwa Marial. Mdinka, umri miaka ishirini na minne, alizaliwa Kakuma kambini na hajawahi kuiona nchi ya wazazi wake. Ndiye aliyekuwa shujaa wa mchezo, na tangu akamatwe hakuwa amesema neno moja lake mwenyewe. Yote yalikuwa ya mchezo.

Chepngetich alimkuta ameketi sakafuni, ukutani mwa seli, magoti yamefika mashavuni kwa urefu wa miguu.

"Marial, umekula?"

"Mvua ikinyesha nitakuua," alisema Marial, taratibu, akitazama ndoo. "Ardhi ikiwa laini nitakuzika vizuri."

"Mama yako Akuch yuko nje ya lango tangu jana. Amekuja na thermosi ya uji. Hataki kuketi, hataki kivuli. Nimwambie nini?"

Macho ya kijana yalisogea kidogo. Kisha yakarudi kwenye ndoo. "Mwambieni mzee amalize kula kwanza."

"Ni wewe ulimdunga Lotiir?"

"Mimi. Mimi. Mimi." Akacheka, lakini kicheko kile kilikuwa kimepimwa, kikaishia mahali pale pale kinapoishia jukwaani.

Wandera akatikisa kichwa. "Amekiri, afande."

Chepngetich alikuwa anaangalia faili. Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wa aliyemkamata, iliandikwa: *Mshukiwa alipatikana kwenye ua wa miiba ya mathenge nyuma ya ukumbi akitapika kwa hofu.* Chini yake Chepngetich alikuwa amebandika kikaratasi cha kliniki. Usiku uliopita aliomba kijana apimwe, na damu ya kidole ikaonyesha malaria, nyingi.

"Wandera, wewe umewahi kuwa na malaria ya namna hii?"

"Nimezaliwa Busia, afande. Hiyo ni kama mtu wa ukoo."

"Ungeweza kuchuchumaa dakika moja nzima bila kutikisika, kisha usimame upige mara moja tu, sawasawa?"

Wandera alitafuna chapati akifikiri. "Kusimama kwenyewe ningehitaji ukuta."

"Basi lete gari. Na vielelezo, vyote. Tunaenda Kakuma."

*

Vielelezo vilikuwa vinne, kila kimoja kwenye mfuko wake. Shuka. Kisu cha mbao cha maigizo, kilichopakwa rangi ya fedha, ambacho kilikutwa ndani ya begi la mavazi kikiwa hakijaguswa. Kisu chenyewe kilichoua, cha kuchinjia mbuzi, cha aina inayouzwa kila kona ya soko, ila mpini wake ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi ya umeme. Na kile kigoda.

Kilikuwa ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanaume wa Kiturkana hutembea nacho popote, mchana akakikalia, usiku akalaza kichwa juu yake. Kilikuwa kimeng'aa kwa mafuta na miaka. Mkanda wake wa ngozi ulikuwa umekatika zamani ukaungwa kwa uzi wa buluu wa wavu wa samaki, umesokotwa mara tatu, fundo dogo safi. Chepngetich alikipakata njia nzima, kilomita mia moja na ishirini za lami na joto, akilipapasa lile fundo kwa kidole gumba.

Kakuma waliingia makanisa yakiwa bado yanaimba, kila moja kwa lugha yake na spika yake. Walisimama kwa Abdikafi, Msomali mwenye hoteli, kunywa chai, maana Wandera alisema bila chai hawezi kuuliza mtu jina.

"Abaayo, dada," Abdikafi alimwambia Chepngetich akimimina chai ya maziwa ya ngamia, "ile kijana ya Akuch si kichaa. Hapa alikuwa anakunywa chai, anafanya mazoezi ya wazimu mbele ya kioo yangu. Wateja wanakimbia! Namwambia, walaal, ndugu yangu, nenda uwe kichaa kwa Mhabeshi ya pale. Anacheka, anaosha kikombe, anaenda. Kichaa anaosha kikombe?"

"Alikuwa na ugomvi na Lotiir?"

"Ugomvi gani? Lotiir alimpa sehemu kubwa. Sehemu ambayo wenyewe walikataa."

"Wenyewe nani?"

"Hiyo muulize Caritas. Mimi nauza chai."

*

Caritas alikuwa mama wa Kikongo mwenye Kiswahili cha kwao, mshonaji, mtunza mavazi ya kikundi. Stoo yake ilikuwa chumba cha mabati kilichopangwa vizuri kuliko ofisi yoyote ya serikali aliyoijua Chepngetich: kofia huku, mashuka huku, kila ushanga kwenye mkebe wake. Nje, chini ya paa la makuti, jenereta ilikuwa imefunguliwa tumbo na mtu mwembamba alikuwa ameinama juu yake, mikono ina mafuta. Alisimama kidogo walipopita.

"Ejok," alisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi," alijibu Chepngetich, wakaingia ndani.

"Huyo ni Lokwawi, fundi wetu ya jenereta na taa," alisema Caritas. "Kaa, mama. Kaa hapa, hii kiti ina miguu yote."

Chepngetich aliketi. Kisha akakitoa kigoda mfukoni, akakiweka sakafuni katikati yao.

Caritas alijigusa kifua. "Aa, hii. Hii kiti ilitusumbua sana."

"Ilisumbua vipi?"

"Lotiir njo aliileta, mwanzo wa mazoezi, miezi nane sasa. Anasema ilikuwa ya babu yake. Katika mchezo ile mtoto anaingia, anakaa juu ya kiti ya baba yake aliyekufa, njo batu banajua sasa huyu kweli ni kichaa. Maana kwa Baturkana kiti ya mwanaume hakuna mwingine anaikalia. Mtoto hawezi. Rafiki hawezi. Basi Lotiir alitafuta Mturkana wa kucheza ile sehemu. Bote balikataa! Mpiga ngoma alikataa. Lokwawi alikataa, mpaka akatoka nje. Njo tukamwendea Mdinka. Marial hana shida, yeye anakaa tu pwaa, kama kiti ya kinyozi."

"Kila mara anakaa?"

"Maonyesho saba, mama, na mazoezi sijui ngapi. Lazima akae. Akikosa kukaa, mpiga ngoma hajui wakati wa kubadilisha mdundo."

Chepngetich akaitoa simu, akaiweka juu ya goti ili wote watatu waone, akaianzisha mara ya ishirini na moja.

"Usiangalie kisu, Wandera. Sisi sote tumekuwa tukiangalia kisu. Angalia makalio."

Wandera alikohoa. Waliangalia. Shuka jekundu likaingia. Likafika kwenye kigoda. Mikono miwili ikatoka chini ya shuka, ikakishika kigoda kama mtu ashikavyo bakuli lililojaa, ikakiweka kando. Mwenye shuka akachuchumaa. Kwenye kona ya picha mpiga ngoma aliinua kichwa, akapoteza mdundo, akaukamata tena.

"Hakukaa," alinong'ona Caritas.

"Hakukaa," alisema Chepngetich. "Hata siku ya kuua mtu, hakuweza kukaa. Mama Caritas, Jumamosi kulikuwa na Waturkana wangapi kwenye kikundi?"

"Batatu. Lotiir, mpiga ngoma..." Akageuza macho mlangoni. Sauti ya spana ikigonga chuma ilikuwa inasikika kutoka nje.

"Mmoja amekufa," alisema Wandera polepole, "na mmoja tunamwona hapa anapiga ngoma."

"Bado," alisema Chepngetich. "Kwanza nataka kujua kwa nini Marial anataka kunyongwa. Ana ndugu hapa kikundini? Niitieni."

*

Akuei alikuwa mdogo wa Marial kwa miaka miwili, na hakujua kusimama mahali pamoja. Aliingia akiwa ameshakata shauri.

"Madam, andika. Mimi ndio nilimuua Lotiir. Mwachilie Marial."

Wandera aliweka kalamu chini. "Haki ya Mungu. Sasa tunao wawili."

"Keti, Akuei," alisema Chepngetich, na hakumwonyesha kiti chochote. Kijana aliangalia huku na huku, akavuta kile kigoda kwa mguu, akakikalia pwaa. Caritas alifumba macho.

"Marial alikuwa mgonjwa Jumamosi," Chepngetich aliendelea, kama mtu anayesimulia habari za jana sokoni. "Alipakwa majivu, kisha homa ikampiga. Akakuambia uingie badala yake, kwa sababu, Caritas amenieleza, mchezo wote unaujua. Sivyo?"

"Ndiyo. Nikaingia. Nikamdunga."

"Ulimdunga kwa mkono gani?"

"Huu." Akainua wa kulia.

"Na kigoda ulikifanyia nini?"

"Nilikaa. Si hata Marial hukaa?"

"Ulikaa." Chepngetich alimwinamia. "Akuei, mwanangu, nisikilize. Ulipoenda kuchukua shuka ulikuta nini?"

Mabega ya kijana yalishuka.

"Halikuwepo. Nikajua Marial amepata nguvu ameingia mwenyewe. Nikarudi nyuma ya pazia. Nikasikia makofi." Alifuta pua kwa kiganja. "Na yeye alikuwa anaudhika sana. Anasema Lotiir anatupigia kelele kama mbuzi. Nikasema, basi. Amefanya kweli."

"Na Marial kule kwenye mathenge alikuwa anatapika, akijua wewe uko jukwaani na shuka lake. Akasikia makofi hayo hayo. Kila mmoja wenu anafikiri ni mwenzake. Yeye amejifanya kichaa ili tusimuulize swali lolote ambalo jibu lake ni jina lako. Wewe umekuja hapa kujifungia mwenyewe."

Akuei alimtazama kama mtu anayesomewa barua ya ndugu wa mbali. "Kwa hivyo... hakufanya?"

"Hakufanya. Wandera, niitie fundi wa jenereta."

*

Lokwawi aliingia akifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mkimya, shanga nyembamba shingoni. Akuei alikuwa amesimama ukutani. Kigoda kilikuwa pale pale.

"Karibu. Keti," alisema Chepngetich.

"Mimi nasimama. Nguo iko chafu."

"Jenereta imekuwaje?"

"Waya ilichomeka. Nafunga tu."

"Kwa tepu nyeusi?"

"Kwa tepu." Alisema hivyo kisha akaangalia mfuko wa kisu mkononi mwa Wandera, mpini umeelekea kwake.

"Wewe ni wa wapi hasa, Lokwawi?"

"Todonyang."

"Wavuvi."

"Baba alikuwa mvuvi. Alikuwa anapeleka samaki mkavu Kitale."

"Yuko?"

"Alikufa. Miaka nne. Hapo Kainuk, kwa barabara. Walisema ni majangili."

"Alikuwa na nani safarini?"

Lokwawi alirudi kufuta mikono ambayo ilikwisha kufutika. Chepngetich alivuta droo ya mashine ya Caritas, akatoa mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa, akakinyanyua kigoda kwa mkanda wake.

"Lazima nipeleke sampuli ya uzi huu maabara," alisema, akiufungua mkasi juu ya lile fundo la buluu. "Ni uzi tu wa wavu, hauna..."

"Usikate!"

Sauti ilikuwa kubwa kwa kile chumba. Mikono miwili ya Lokwawi ilikuwa imenyooka mbele, viganja juu, vile vile kama kwenye video. Wote waliiona. Mwenyewe pia aliiona, akairudisha chini polepole.

Chepngetich aliufunga mkasi. Alikuwa na hakika. Lakini hakika ya mpelelezi si ushahidi, na kesho saa tatu ilikuwa inakuja. Alipiga simu Lodwar, meza ya ripoti, akamwagiza konstebo wa zamu aende nayo mpaka seli, akaweka sauti ya juu, akampa Akuei simu.

Akuei alizungumza Kidinka. Maneno yalitoka mbio, yakakwama, yakatoka tena. Kisha akasikiliza. Upande wa pili palisikika mlio wa ndoo ikisukumwa sakafuni, mtu akivuta pumzi.

Kisha Marial akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida ya kijana mwenye homa, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza mwenyewe tangu Jumamosi:

"Akuei. Kama si wewe, nani alivaa shuka yangu?"

Jenereta nje ilikuwa kimya. Akuei aliinua macho, na bila kujua aliishika simu kwa namna iliyoelekea Lokwawi.

"Ni mimi," alisema Lokwawi.

Aliikaribia simu kama anayeongea na mtu aliye kando yake. "Marial, ndugu yangu. Ni mimi. Hiyo kiti ni ya baba. Mtu ya Kiturkana haachi kiti yake, akilala iko chini ya kichwa. Walileta maiti bila kiti. Lotiir ndiye alisafiri naye, akasema waliachana kule Lodwar, yeye hakufika Kainuk. Halafu siku ya kwanza ya mazoezi anaiweka mbele yangu, anasema ni ya babu. Huo uzi nilisokota mimi. Fundo yangu."

"Miezi minane," alisema Chepngetich.

"Maonyesho saba. Kila mara kisu iko kwa mfuko. Nasema, ngoja Lokichar. Ngoja turudi. Ngoja Lodwar. Nilikuwa namwona Marial anashusha mkono na watu wanacheka, mimi nasimama kwa jenereta najua wananicheka mimi. Jumamosi shuka na majivu zilikuwa hapo, hakuna mtu. Nikitoka nikaitupa kwa mathenge, sikuona kama yeye yuko hapo."

"Na Marial? Ulimwona anakamatwa."

Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. "Nilisema nitaenda polisi. Jana nilisema kesho. Leo asubuhi nikasema wacha nimalize jenereta. Nilifikiri nikishafanya ile moja, kungoja itaniisha."

Wandera alitoa pingu. Chepngetich alimwashiria asubiri, akaichukua simu. "Konstebo, mtoe kijana seli, mkalishe kwenye benchi, mpe dawa yake. Karatasi nitazileta mwenyewe kabla ya jua kuzama. Na nenda langoni, umwambie Akuch sasa aketi."

Kwenye gari, Lokwawi aliomba kitu kimoja. Kigoda kilikuwa kielelezo, na sheria ya vielelezo Chepngetich aliijua vizuri kuliko sala ya kulala. Aliangalia mfuko, akaangalia ile mikono yenye pingu.

"Njia yote utakishika kikiwa ndani ya mfuko wake, usiufungue," alisema. "Lodwar unanirudishia. Faili ya Kainuk nitaifungua kesho, baada ya yako, na hicho ndicho kitakuwa kielelezo chake cha kwanza."

Lokwawi alikipokea kwa mikono miwili. Walipofika darajani, ambapo barabara hurusha kila kitu, Wandera aligeuka akaona jinsi alivyoinua mikono, kigoda kisiguse hata goti lake.